Dungu la Bibi

Masika ya mwaka 1968 nilikuwa na miaka 9, na nilikuwa nalala dunguni. Asiyeijua Rufiji nimweleze: dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Sakafu yake fito, jiko lake udongo uliokandikwa juu ya fito hizo hizo. Humo tulikaa miezi, tukiamia ndege na kufukuza nguruwe pori.

Maji yaliingia usiku. Hayakunguruma, yalinyata. Kilichoniamsha ni kuku waliokuwa wakipanda ngazi. Babu alishuka, maji yakamfika kiunoni, akauvuta mtumbwi na kuufunga kwenye nguzo. Kulipokucha hapakuwa na shamba tena, ila ziwa, na juu ya paa la dungu la jirani amejikunja chatu. Tulivua kambale tukiwa tumeketi mlangoni. Kwangu ilikuwa sikukuu.

Kwa wakubwa haikuwa, maana mpunga ulikuwa bado mfupi. Bondeni unapanda kwa mvua za Desemba na Januari, kisha unaomba mto uchelewe. Mpunga uliokwisha kurefuka hupanda pamoja na maji. Ulio mfupi huzama. Wetu ulizama. Lakini maji yakishuka huacha tope, na hapo ndipo mlau huanza: mahindi, kunde, maboga, pamba, vyote kwa unyevu ule ule, bila samadi.

Bibi hakuwahi kusema mafuriko. Alisema "maji yamekuja", kwa sauti ile ile aliyoitumia wakwe walipobisha hodi: usumbufu upo, lakini mkeka utatandikwa.

Baada ya masika hayo ikaja Operesheni Rufiji, watu wa bondeni wakahamishiwa sehemu za juu. Kijana mwenye daftari alisimama chini ya dungu letu.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kuwaokoa na mto."

"Marahaba, mwanangu. Na shamba mtalipandisha na nini?"

Aliandika kitu. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Nisimnyime mtu haki yake: huko juu ndiko nilikojua kusoma. Ila ardhi ilikuwa kichanga, rafiki wa mihogo na mikorosho, na kisima chetu cha kwanza kilikauka mapema. Basi kila msimu wazazi walirudi bondeni, sisi wanafunzi tukabaki tukijipikia. Nikiwa na miaka 11 nilikuwa mkuu wa nyumba yenye watoto watatu, na ugali wangu, wadogo zangu wananikumbusha hadi leo, ulikuwa mbichi katikati. Bibi hakubaki juu hata msimu mmoja.

Siku hizi Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, limetuondolea foleni ya pantoni pale Ndundu, na juu zaidi kwenye mto lipo Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Wajukuu walidhani hadithi zangu za maji zimepitwa na wakati. Aprili 2024 yakaja, Rufiji na Kibiti, wakajionea.

Bibi alifariki dunguni, wakati wa mlau, mahindi yakiwa yameanza kutoa ndevu. Tulimvusha kwa mtumbwi, tukamzika juu, kwenye kichanga. Bondeni kaburi halidumu.