Nilinyamaza, nikaita ni imani

Leo naandikia hapa Kigali, Nyamirambo kwa mama mdogo, siko kambini. Wengi mmeuliza kwa nini nimepotea. Mama aliugua. Sasa anaendelea vizuri kidogo, Mungu asifiwe, ila nataka niseme ile kitu vile ilitokea, maana sehemu moja ni kosa langu.

Mnanijua, mimi ni mhamasishaji wa afya pale Kiziba. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba: oga mikono, peleka mtoto chanjo, usikatishe dawa. Basi mama yangu mwenyewe ana presha ya miaka mingi. Kila asubuhi alikuwa anameza vidonge vyake kabla ya chai.

Siku moja akaja mtumishi kutoka nje ya kambi. Akamwekea mama mikono, akasema mbele ya watu wote kwamba amepona, na kwamba kuendelea kumeza dawa ni kumtukana Mungu. Mama alirudi nyumbani anaimba. Vidonge akavitia ndani ya kopo la maziwa, akaliweka juu ya kabati. Wiki ikapita, kichwa hakimuumi. "Umeona papa?" akaniambia.

Mimi nilijua. Kwenye mafunzo walitufundisha kwamba presha inaweza kupanda na mtu asisikie maumivu popote, na kwamba dawa inaishikilia tu kwa muda ule unaimeza. Nilijua kabisa, na nikanyamaza. Niliogopa watasema kijana akishavaa jileti ya shirika anapoteza imani. Tena nilijiambia labda huku kunyamaza ndiko kuamini.

Baada ya miezi mitatu alianguka kwenye bomba la maji. Mdomo ulienda upande, mkono wa kuume hauinuki. Tukapelekwa Kibuye, halafu wakatupa transfa mpaka CHUK huku Kigali. Daktari akauliza kama mgonjwa anameza dawa. Mama akaniangalia mimi. Usiku, maneno yakitoka moja moja, akaniuliza:

"Papa, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo mama."

"Na watu wengine unawafundishaka."

Hakusema kitu kingine. Mpaka leo hajarudia.

Pale kwenye benchi ya hospitali nilikuwa na Biblia tu na simu isiyo na chaji. Nikafungua Kumbukumbu la Torati 6:5, inataja moyo, roho na nguvu. Nikaenda Marko 12:30, pale Yesu anajibu yule mwandishi, nikaona anaongeza na akili. Huo mstari niliukariri tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kuona hiyo tofauti. Moyo nilikuwa natoa, nalia kwenye maombi. Nguvu pia, kukesha na kupiga ngoma hamniwezi. Akili nilikuwa naiacha mlangoni pamoja na viatu.

Sitaki tumseme yule mtumishi peke yake. Sisi wenyewe tuna njaa ya kuambiwa. Kambi yetu ipo tangu 1996, mimi nimezaliwa ndani yake, na ni nani hapa hajatabiriwa ndege? Januari 2025 Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, ule unabii wa ndege ulikaa kimya, na hakuna mtu aliyeuliza. Kuuliza tunaona ni kama dhambi.

Mnakumbuka 2018, makanisa mengi yalifungwa hapa Kigali, na sheria ikatoka kwamba mwakilishi wa kanisa kisheria awe na digrii ya mambo ya dini, wakapewa miaka mitano ya kusoma. Mimi nilikasirika, nikasema Petro alikuwa mvuvi. Bado naona digrii haimfanyi mtu mkweli. Ila siku hizi nikimsikia mtu anasema elimu inaua roho, nawaza lile kopo la maziwa.

Jana nilimsomea mama 2 Wafalme 20. Hezekia anaugua karibu ya kufa, analia, anaomba, Mungu anamwongezea miaka 15. Halafu Isaya, nabii mwenyewe, anaagiza waandae tini, zinawekwa juu ya jipu. Ahadi imeshatoka kwa Mungu, na dawa bado inapakwa! Mama alikaa kimya muda mrefu.

"Hizo tini walimwekea siku ngapi?"

Nikamwambia Biblia haisemi.

"Hizi zangu je?"

"Kila siku, mama. Mpaka daktari aseme."

Akacheka na ule upande wa mdomo unaofanya kazi, akaniambia nimletee maji. Aliomba kwanza, akashika vidonge kwa mkono wa kushoto, akameza.

Keshokutwa asubuhi tunapanda gari Nyabugogo kurudi Karongi. Jumapili wameniomba nitoe ushuhuda wa uponyaji wa mama, na yule mtumishi atakuwepo. Nitasema yote haya, na yeye akiwa amekaa mbele. Mniombee, naogopa.