Kuni Zilikuwa Shambani Mwetu

Akina mama wenzangu, zamani nikisikia watu wakisema nishati, nilifikiri ni habari za umeme na mafuta ya trekta. Nilifunguka macho siku mwalimu aliponiuliza, "Mama, mbona kila Ijumaa mtoto haji shuleni?" Sikuwa na jibu. Ijumaa ndiyo siku niliyomtuma binti yangu kuni. Nilirudi nyumbani na aibu yangu.

Hapa Zombo, wilayani Kilosa, tulikuwa tukipanda mahindi shamba lilelile kila mwaka, mpaka udongo ukachoka. Mume wangu akataka tukope fedha za mbolea. Ilikuwa mwaka 2022, bei imepanda mno, hata serikali ikaanzisha ruzuku. Mbolea kama urea hutengenezwa kiwandani kwa gesi asilia nyingi na joto kali. Gesi ikipanda bei, mbolea nayo hupanda.

Jioni ile nilimweleza mume wangu maneno ya mwalimu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama watoto, tuhesabu nguvu zetu kama tunavyohesabu fedha." Tukaligawa shamba mafungu matatu: mahindi, mbaazi na mlenda, na kila mwaka tunayahamisha.

Mbaazi ina vijidudu mizizini vinavyochukua naitrojeni hewani. Sehemu yake hubaki udongoni pamoja na majani yanayodondoka, na mahindi yanayofuata hupata chakula. Tukishavuna, mashina yake makavu ni kuni.

Na mlenda je? Tunaudharau kwa sababu huota wenyewe mvua zikianza. Kumbe aina mojawapo ndiyo mmea uleule wanaoulima wakulima wa Bangladeshi na India ili kupata nyuzi za magunia ya juti! Wao huupokezanisha na mpunga. Majani yake yanayodondoka hurutubisha shamba, na vijiti vilivyotolewa nyuzi hupikia. Sisi twala majani, nayo huiva upesi kwa moto mdogo.

Sitawadanganya: mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Mahindi yalipungua ghalani, na mama mkwe alinung'unika. Hata leo hatujaacha mbolea kabisa, ila tunanunua kidogo. Kuni za mbaazi nazo hazifiki mwisho wa mwaka. Kwa hiyo naloweka mbaazi kavu usiku kucha ili ziive mapema, na kuni zikiisha tunakwenda porini Jumamosi, mimi na mume wangu. Ndiyo, hata yeye hubeba mzigo wake.

Binti yangu sasa hakosi shule siku ya Ijumaa.

Dada mpendwa, unapokaa na mwenzako kupanga kilimo cha msimu ujao, msihesabu mbegu na mbolea tu. Ulizeni pia: nguvu za kazi hii zinatoka mgongoni kwa nani? Mimi nilichelewa kuuliza, na aliyekuwa akilipa ni mtoto wangu.