Mbwa Mdogo Safarini Bruxelles



Kwetu Kongo mbwa ana kazi yake: hulinda nyumba usiku, hufuatana na wawindaji msituni, hula makombo, hulala nje. Kumtembeza mjini wakati wa likizo, amebebwa katika kikapu kama mtoto mchanga, ni jambo la kuchekesha. Lakini jamaa zetu wengi wanakaa Ulaya siku hizi, na desturi za huko zimeingia nyumbani mwao. Likizo ya Pasaka tulifuatana na jamaa wa Namur kwenda Bruxelles kwa siku tatu: baba, mama, watoto wawili, bibi yao aliyefika kutoka Bukavu, na kijibwa kisichompita sungura kwa kimo. Jina lake Simba!

Sheria kwanza

Mtu asidhani kwamba aweza kumchukua mbwa wake Bukavu na kumpandisha ndege hivi hivi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaogopa kichaa cha mbwa, nazo zina haki, maana ugonjwa huo ukisha kuonyesha dalili ni kifo. Mbwa atokaye Kongo sharti atiwe chini ya ngozi chipu yenye namba yake, kisha achanjwe. Zikipita siku 30, damu yake ipimwe. Tena ingojewe miezi 3 tangu siku ile ya kutolewa damu. Ndiyo kusema, atakaye kusafiri mwezi wa Agosti na aanze Machi. Simba alizaliwa Ubelgiji, naye ana chipu yake kama sheria ya huko inavyoagiza tangu mwaka 1998, pamoja na paspoti ya kuvukia mipaka ya Ulaya.

Njiani na malazi

Katika gari la moshi, mbwa mdogo akaaye ndani ya kikapu halipiwi kitu. Mbwa mkubwa hukatiwa tiketi. Safari ni kama saa moja. Tulichukua maji na kipande cha blanketi lake, maana mbwa hutulia anaposikia harufu ya nyumbani. Nyumba ya wageni tuliiuliza kabla, kwa kuwa si zote zipokeazo mbwa. Tena asiachwe peke yake chumbani mahali pageni: hubweka mchana kutwa, na majirani hawapumziki.

Mjini

Uwanja wa Grand-Place umezungukwa na nyumba zilizojengwa upya baada ya mizinga ya Wafaransa kuuteketeza mji mwaka 1695. Sisi tulitazama juu, kwenye dhahabu. Simba alitazama chini, kwenye makombo. Hapo ndipo penye hatari. Maduka ya chokoleti yako kila upande, na chokoleti ni sumu kwa mbwa, hasa ile nyeusi. Kwa mbwa mdogo hata kipande kidogo chaweza kudhuru. Mtoto mdogo alitaka kumgawia rafiki yake. Mama akamshika mkono upesi.

Kwenye kanisa kuu la Watakatifu Mikaeli na Gudula tulipokezana: wengine wakaingia kusali, mmoja akabaki nje na kamba mkononi. Kwenye makumbusho tulifanya vivyo hivyo. Asafiriye na mbwa huona majumba kwa zamu, lakini bustani huziona zote.

Katika pembe ya njia iitwayo rue des Chartreux kuna sanamu ya mbwa akojoleaye nguzo fupi, kazi ya Tom Frantzen ya mwaka 1998. Huitwa Zinneke Pis. Kwa lugha ya wenyeji, zinneke ni mbwa wa mbegu mchanganyiko. Ni jina litokalo kwa mto Senne, uliofunikwa kati ya miaka 1867 na 1871, nao hata leo hupita chini ya mji. Wenyeji wenyewe hujiita zinneke bila haya, kwa kuwa wametokana na watu wa kila namna.

Neno la bibi

Tulipofika Matonge, mtaa uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa, watu waliinama kumsalimu Simba kabla ya kutusalimu sisi. Bibi akanyamaza kitambo, kisha akasema: «Mbwa huyu ana paspoti, anavuka mipaka. Mwanangu mdogo ameomba visa mara mbili aje kunitembelea hapa, amekataliwa. Nani basi ni mtu?»

Hakuna aliyecheka. Baba akamjibu kwa heshima: «Mama, mbwa hana kosa. Karatasi yake ni ya kuzuia ugonjwa tu.» Bibi akaitikia kwa kichwa, akampa Simba maji mwenyewe, maana jua lilikuwa kali.

Neno lake tunawaachieni, wasomaji. Kumtunza mnyama vema ni wajibu: achanjwe, anyweshwe, asipewe kitu cha kumdhuru, asisumbue watu. Lakini huruma impitayo jirani mlangoni na kumfikia mbwa wake peke yake haijakomaa. Mwenye kuinama kumsalimu mbwa na ainue macho, amsalimu na yule aliyeshika kamba.