Fundi Atakuja

Masika yalitukuta hapa Kuze na mashine yetu ya kufulia ikiwa mbovu. Pipa la kufulia lilifanya kazi. La kukamulia lilivuma tu, halizunguki. Kwa wiki mbili mama watoto alikamua kanzu zangu kwa mikono, nami kila jioni nikisema, “Fundi atakuja.”

Usiku mmoja nilimwona akijikanda viganja kwa mafuta ya nazi. Nikaona haya. Miaka mingi nimewasomesha watu kwamba Bibi Aisha, Allah amridhie, alieleza jinsi Mtume ﷺ alivyokuwa nyumbani akiwahudumia ahali zake na kushona viatu vyake mwenyewe.

Asubuhi nilichomoa plagi, nikafungua bamba la nyuma. Waya wa breki, mfano wa ule wa baiskeli, ulikuwa umelegea, hivyo breki haikuachia. Nikaukaza. Nikarudisha bamba, nikajaribu: nikifunika, pipa lazunguka, nikifunua, lasimama upesi. Hilo la pili nililihakikisha mara tatu, kwa kuhofia mikono ya wajukuu.

Alipokuwa akianika roshani, aliniambia neno moja tu: “Kumbe ulikuwa waweza!”

Ndugu zangu waume, neno hilo lilinikamua kuliko mashine.