Ngao ya Gari katika Nchi ya Mawe

Ukishika njia ya kaskazini kutoka Mto wa Mbu, mkono wa kushoto utaona ukuta mrefu wa Bonde la Ufa. Baada ya kilometa 60 hivi utafika Engaruka. Hapo wakulima wa kale, kati ya karne ya 15 na ya 18, walijenga matuta na mifereji ya maji kwa mawe. Mbele zaidi umesimama Oldonyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa lugha ya Wamasai, uliolipuka kwa nguvu mwaka 2007.

Wakulima wale waliyafanya mawe kuwa rafiki zao. Kwa dereva asiyejihadhari ni adui. Mahali pasipo na lami, jiwe moja lililofichwa na vumbi laweza kutoboa bakuli la oili chini ya injini. Oili ikiisha na gari linaendelea kwenda, injini hufa. Na labda gari hilo limembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, na hospitali ingali mbali.

Basi, ikiwa kijijini kwenu mna gari la kupita njia za namna hii, litengenezeeni ngao. Fundi wa kuchomelea aliye karibu aweza kuifanya, lakini mwangalieni katika mambo haya.

Bamba la chuma liwe nene, milimita 4 hadi 6. Jembamba hupindika na kuligonga bakuli lenyewe. Lakini msizidishe: bamba la mita 1 kwa sentimita 80, lenye unene wa milimita 5, lina uzito wa kilo 31 hivi. Ukingo wa mbele ukunjwe kwenda juu, ili gari liteleze juu ya jiwe, lisinase. Kati ya bamba na bakuli ibaki nafasi ya vidole vitatu au zaidi.

Bamba lifungwe kwa bolti kwenye chasisi, si kwenye injini, kwa maana injini hutikisika. Lisichomelewe moja kwa moja, maana siku ya matengenezo litawasumbua. Litobolewe tundu chini ya kizibo cha kumwagia oili, na matundu mengine ya kutoa maji na kupitisha hewa. Kabla ya kuchomelea cho chote garini, betri ifunguliwe, na moto usikaribie tangi la mafuta.

Tena kuna hatari wengi hawaifikirii: nyasi kavu. Zikijikusanya juu ya bamba karibu na bomba la moshi, zaweza kuwaka na kuliteketeza gari zima. Kila baada ya safari, piga goti, chungulia chini, toa nyasi na matope, kaza bolti zilizolegea.

Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari. Ngao ni tahadhari moja. Ya pili ni mwendo wa polepole. Anayeendesha kwa fujo kwa kuwa ana bamba, atavunja springi badala ya bakuli, na mgonjwa atalala njiani vile vile.