Mtoto wa Rehani

Mama mkubwa alikuwa akichambua mchele barazani alipomwambia jirani yake, bila kushusha sauti, "Huyu yuko hapa mpaka baba yake alipe." Nilikuwa na miaka saba. Nilisimama nyuma ya mlango na ndoo mkononi, nikijiuliza: alipe nini?

Baba alikuwa dereva wa serikali. Uhamisho wa kwenda Sumbawanga ulimkuta ameezeka nusu ya nyumba yetu kwa fedha alizokopa kwa kaka yake wa Morogoro. Akaondoka na mama na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Mimi nikabaki kwa baba mkubwa, "ili asome vizuri, mpaka mambo yakae sawa." Nilikaa miaka minne. Sikupigwa wala sikulala njaa. Niliosha vyombo, nilisoma, na kila gari la serikali lilipopita nilitoka mbio kumtazama dereva.

Karibu miaka ishirini baadaye, kwenye maktaba ya chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza, ambako nasomea shahada ya uzamili ya historia, nilikutana na mtoto mwingine aliyeachwa kwa watu. Jina lake William Marshal. Mhadhiri alikuwa ametupa kazi ya kuandika kuhusu makabaila waliowatumikia wafalme, nami nikamchagua huyu kwa sababu vitabu vinavyomhusu ni vingi. Nilidhani nitasoma habari za farasi na mapanga.

Mwaka 1152 Uingereza ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Mfalme Stephen na binamu yake Matilda waligombea kiti. John Marshal, baba yake William, alikuwa upande wa Matilda, na jeshi la mfalme lilikuwa limeizingira ngome yake ya Newbury. John akaomba muda ili atafute ruhusa ya kusalimu amri. Mfalme akataka dhamana, na John akamtoa mwanawe William, mtoto wa miaka kama mitano. Kisha akautumia muda ule kuingiza chakula na askari ndani ya ngome.

Mfalme alipotuma neno kwamba mtoto atanyongwa, John alijibu kuwa hajali: nyundo na fuawe za kufua watoto wengine, tena bora zaidi, bado anazo.

Kwetu tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nililisoma jibu lile mara tatu, nikaenda kunywa maji.

Mtoto hakunyongwa. Tunaijua habari yake kutokana na shairi refu la Kifaransa, lenye mistari zaidi ya 19,000, lililotungwa miaka michache baada ya William kufa. Shairi linasema walipokuwa wakimpeleka kwenye mti, alimwona kabaila mmoja ameshika mkuki mzuri, akaomba aucheze. Stephen akashindwa. Akambeba mwenyewe, akamrudisha kambini. Siku moja wawili hao, mfalme na mateka wake, walikaa hemani wakipiganisha mabua ya majani kana kwamba ni askari.

Nimekwisha kuwaza sana juu ya mtoto yule na mabua yake. Nami nilicheza na watoto wa baba mkubwa. Mtoto wa rehani hacheki kidogo kuliko wengine. Ila akicheka, anaangalia kwanza kama wenye nyumba nao wanacheka.

William alirudishwa vita vilipokwisha. Hakuwa mtoto wa kwanza, kwa hiyo urithi hakuutegemea. Alipokuwa kijana alipelekwa tena kwa watu, safari hii ng'ambo ya bahari, Normandy, kwa jamaa ya mama yake, akafundishwa kupigana juu ya farasi. Mwaka 1168, huko Poitou, mjomba wake aliuawa, naye akajeruhiwa na kukamatwa. Aliyemlipia fidia alikuwa Malkia Eleanor. Tangu hapo maisha yake yakawa ya utumishi. Alimtumikia mwana wa Eleanor, Henry Kijana, mpaka alipokufa mwaka 1183. Akamtumikia baba mtu, Henry wa Pili, na mwaka 1189, akilinda mafungo ya mfalme huyo, alikutana uso kwa uso na Richard, mwana aliyekuwa anampiga vita baba yake. Angeweza kumuua. Akamuua farasi wake. Wiki chache baadaye Richard akawa mfalme, na badala ya kumlipizia kisasi alimwoza Isabel de Clare, msichana wa miaka kama kumi na saba, mrithi wa ardhi kubwa Wales na Ireland. William alikuwa amepita arobaini. Walizaa watoto kumi, wavulana watano na wasichana watano.

Mpaka hapo ningeweza kuandika kazi yangu nikalala. Kilichonikalisha ni mwaka 1205. Mfalme sasa alikuwa John, mdogo wake Richard, mtu wa kushuku kila kivuli. William alikuwa amemwapia utii mfalme wa Ufaransa ili asipoteze mashamba yake ya Normandy. John akakasirika, akataka dhamana. William akamtoa mtoto wake wa kwanza, aliyeitwa William kama yeye. Mwaka 1207, alipotaka kuvuka kwenda Ireland, mfalme akataka mwingine. Akamtoa wa pili, Richard.

Aliyewekwa rehani naye akaweka rehani. Nilimkasirikia mtu aliyekufa miaka mia nane iliyopita, tena nikamkasirikia kweli. Wewe unajua lile hema, nilimwambia moyoni. Unajua mtoto anavyoangalia mlango.

Kisha nikasoma habari za Matilda de Braose, mke wa kabaila mwingine wa zama hizo hizo. Mwaka 1208 mfalme alitaka wanawe, naye akakataa waziwazi. Mwaka 1210 Matilda na mwanawe mmoja walikufa kwa njaa katika gereza la mfalme. William alikuwa anawajua watu hao. Mume wa Matilda alipokimbilia Ireland alimhifadhi. Wanawe mwenyewe walikaa kwa mfalme miaka kadhaa, wakarudi hai.

Sijui kama hilo linamsafisha. Najua lilinifanya nimpigie simu baba.

Baba amestaafu, anafuga kuku. Tuliongea kwanza habari za chanjo na bei ya pumba. Kisha nikamuuliza, "Baba, kule kwa baba mkubwa nilikuwa rehani?"

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilimsikia mama mkubwa."

"Deni nililimaliza mwaka wa tatu," alisema. "Ule wa nne niliona aibu kuja. Nilijiuliza nitakutazamaje."

Kwa miaka yote nilikuwa nimezoea kumlaumu kwa lile deni. Kumbe mwaka mzima ulikuwa wa aibu tu. Hakuna aliyenishikilia.

Sasa niseme nililokuwa nikilizunguka. Nina mtoto wa miaka minne. Yuko Morogoro kwa bibi yake, mama yangu, katika ile nyumba iliyokwisha kuezekwa. Nilimwacha Septemba iliyopita ili nije kusoma, nami nilisema maneno yale yale: mpaka mambo yakae sawa. Machi mwaka huu nilipewa nafasi ya kuendelea na uzamivu, miaka mitatu, na ufadhili. Kila jioni tunapoongea kwa video huniuliza, "Mama, unakuja lini?" Nami hujibu, "Karibuni."

Wakati wa likizo ya Pasaka nilipanda basi kwenda London, kwenye kanisa la Temple, ambako William alizikwa. John alipokufa Oktoba 1216, nchi ikiwa imegawanyika na jeshi la Ufaransa likiwa ndani, mrithi alikuwa mtoto wa miaka tisa. Mabaroni wakamkabidhi mtoto huyo mzee William, mwenye miaka kama sabini. Alitoa upya Magna Carta, akapigana mwenyewe mjini Lincoln Mei 1217, akamwachia mtoto kiti chake. Sanamu ya jiwe inayoaminika ni yake imelazwa sakafuni. Mabomu ya mwaka 1941 yaliunguza paa likaangukia sanamu hizo, na jiwe lina nyufa. Karibu naye zipo sanamu zinazoaminika ni za wanawe wawili, William na Gilbert.

Nilimtazama zaidi huyo mwana. Huyu ndiye aliyetolewa mwaka 1205, na huyu ndiye aliyeagiza shairi litungwe baba yake alipokufa. Alilipa fedha zake ili yaandikwe maneno ya babu yake kuhusu nyundo na fuawe. Angeweza kuyaacha yasahaulike. Na nani angeyajua hemani yale, mabua na mkuki, kama si yule mtoto mwenyewe kukua na kuwasimulia wanawe? Ndugu wote watano walirithi cheo cha baba yao mmoja baada ya mwingine, wakafa bila kuacha watoto halali. Mwaka 1245 akaisha wa mwisho. Ardhi ikagawanywa kwa upande wa mabinti. Hadithi ndiyo iliyobaki, na nakala yake moja tu ya kale ndiyo iliyotufikia.

Katika shairi hilo kuna siku moja ya mwaka 1219, huko Caversham, William akiwa kitandani hana siku nyingi. Alisema anatamani kuimba. Wakaitwa mabinti zake. Mmoja akaimba, kisha Joan, aliyekuwa bado hajaolewa, akaimba kwa haya. Baba yake akamwambia asione haya, akamwonyesha jinsi ya kuimba. Alikufa tarehe 14 Mei. Ni jambo dogo. Ila alikuwepo chumbani, na mtoto alikuwepo.

Usiku ule, nikiwa bado kwenye basi la kurudi, nilikiandikia chuo kuomba nafasi yangu isogezwe mwaka mmoja. Kama nitarudi, tutarudi wawili. Kama chuo hakitakubali, basi.

Kesho yake jioni mama alimpa mtoto simu. Aliuliza swali lake.

"Tarehe ishirini na moja Septemba," nilimwambia.

Akageuka, akaita kwa nguvu, "Bibi, hiyo iko lini?" Nikamsikia mama akienda kuishusha kalenda ukutani.