Kikohozi Nilichokimeza

Jumatano ya wiki ya testi, mwaka jana, niliamka koo linawasha na mwili unauma kama nimelima shamba zima. Nilijua ni mafua, tena yale makali. Lakini saa mbili asubuhi tulikuwa na testi ya saikolojia ya elimu. Nikameza vidonge viwili vya kutuliza homa, nikatoka.

Ukumbini tulikaa bega kwa bega, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Kila kikohozi kilipokuja nilijitahidi kukimeza ili jirani asinigeukie. Kilichonishinda nilikikoholea kiganjani, halafu kiganja hichohicho kikashika karatasi, kitasa cha mlango na simu ya rafiki yangu.

Chumba chetu cha hosteli ni cha watu wanne, tunalala sita. Habari za kubebana mnazijua wenyewe. Ndoo ya maji ya kunywa ni moja, na kikombe kilikuwa kimoja. Ijumaa wawili walianza kupiga chafya. Jumapili usiku dada wa kitanda cha juu, ambaye ana pumu, akaanza kuvuta hewa kwa shida. Pampu yake haikusaidia. Tulimshusha ngazi watu watatu, mlinzi akatuitia bajaji. Hospitali akawekewa oksijeni, akalazwa siku nne. Testi mbili zikampita. Mimi nilipata 11 kwa 15.

Nilipokuwa nampelekea uji ndipo muuguzi aliponisomesha, mimi ninayejiita mwalimu mtarajiwa. Mwenye mafua makali huanza kuambukiza tangu siku moja kabla ya dalili, na huendelea siku tano hadi saba baada ya kuugua. Kirusi kinaweza kukaa juu ya meza au kitasa hadi saa 48. Vile vidonge vyangu vilishusha homa tu, kuambukiza niliendelea. Na zile antibayotiki tunazogawana hosteli kama karanga haziui virusi hata kidogo. Sisi tunasema "mafua tu," wakati Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mafua ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka duniani.

Sasa kwa nini nilienda? Niseme ukweli: niliogopa mzunguko. Kuahirisha testi kulitaka karatasi ya daktari, kisha saini ya ofisi hii na ile, na foleni kila mahali, yote hayo mtu akiwa na homa. Kwenda kufanya testi ilikuwa rahisi zaidi. Naamini siko peke yangu.

Chumbani tumebadilika. Kila mtu ana kikombe chake. Dirisha liko wazi mchana kutwa, sabuni iko mlangoni, na anayekohoa anakoholea kwenye kiwiko. Akiumwa mmoja, anabaki kitandani. Wengine tunamletea chakula kutoka kantini na nukuu za lekcha. Hayo hayakuhitaji boom wala kikao.

Lakini la testi hatuliwezi wenyewe. Ndugu zetu viongozi wa serikali ya wanafunzi, tunaomba mlipeleke kwa utawala: mgonjwa aruhusiwe kutoa taarifa kwa simu kupitia CR asubuhi ileile, na karatasi ya daktari ifuate akipata nafuu. Wa kudanganya watakuwepo, lakini hata sasa wapo.

Dada yule alipotoka hospitali nilimweleza kwamba ni mimi niliyeanza kuumwa, tena nilijua. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Sasa si ungesema tu, shoga yangu?"

Sikuwa na jibu. Wiki ya testi inakuja tena, na mvua nazo ndizo hizi. Ukiamka unaumwa, sema mapema.